Jinsi ya Kupata Somo la Maisha Katika Kifungu cha Biblia

"Nasoma, lakini nikifunga Biblia sibaki na kitu." "Nianzie wapi?" "Nimepangiwa kutoa neno kwenye ibada ya nyumbani, nitajuaje kwamba ninachosema kimo ndani ya maandiko na si mawazo yangu tu?" Maswali haya hayaishi, na mara nyingi anayeuliza huambiwa aombe zaidi, basi. Kuomba ni lazima. Lakini kuna kazi ya macho na ya kalamu pia, na kazi hiyo mtu hufundishwa akaiweza.

Mwongozo huu ni wa anayeanza. Tutachukua habari moja, ya Naamani katika 2 Wafalme sura ya 5, tuipitishe hatua zote mpaka iwe jambo la kufanya kesho. Ifungue sasa hivi uwe nayo mbele yako, maana bila hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya itakupita.

Kuna jambo nitakalolirudia mpaka ulichoke: kifungu kilisema na watu wengine kabla ya kusema nawe. Ukiwaruka watu wale utapata somo upesi, tena tamu, ila halitakuwa somo la kifungu hicho.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

Biblia unayoielewa. Kama Kiswahili cha Union Version kinakusumbua, weka pembeni tafsiri ya lugha ya siku hizi kama Habari Njema, usome zote mbili. Iwe Biblia yenye vitabu 66 au ile yenye 73, hatua ni zilezile.

Daftari na kalamu. Kusomea kwenye simu si kosa, ila kuandikia tumia karatasi. Ujumbe mmoja ukiingia kwenye simu, Naamani umeshamwacha mtoni.

Nusu saa ambayo hakuna anayekudai. Ukipata dakika ishirini, zinatosha kwa kifungu kifupi.

Mtu mmoja utakayemsimulia ulichokipata. Huyu watu wengi humwacha, na ndiye atakayekuokoa na mambo ya ajabu.

Huhitaji Kigiriki wala Kiebrania. Vitabu vya ufafanuzi ni vizuri, lakini vifungue mwishoni, ukishafanya kazi yako. Ukianza navyo utaishia kunakili. Kama Biblia yako ina rejea pembeni au chini ya ukurasa, umebarikiwa, tutazitumia.

Hatua ya 1: Chagua kitabu, usichague mstari

Mstari wa siku unaotumwa kila asubuhi hauna ubaya, ila umekatwa kutoka mahali. Namba zenyewe za sura na mistari hazikuwamo katika maandiko ya awali. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ilipewa namba zake mwaka 1551. Waliogawa walijitahidi, lakini kuna mahali walikata pasipostahili. Ule wimbo wa mtumishi anayeteseka unaanzia Isaya 52:13, wala si 53:1. Na 1 Wakorintho 11:1, "Mnifuate mimi", ni mwisho wa hoja ya sura ya 10 kuhusu vyakula na dhamiri za wengine. Kwa hiyo namba zikusaidie kupata mahali tu. Zisikupangie pa kuanzia na pa kuishia.

Anza na Marko (sura 16), Ruthu (4), Yakobo (5) au Wafilipi (4). Ufunuo, Walawi na Ezekieli visubiri. Soma kwa mfululizo, kila siku pale ulipoishia jana. Kipande cha siku kiwe tukio moja zima, mfano mmoja, zaburi moja, au hoja moja ya waraka.

Ule mtindo wa kufumba macho, kufungua Biblia popote na kuweka kidole, uache. Kidole kinaweza kuangukia kwenye orodha ya koo za Israeli kwa urahisi uleule kinavyoangukia kwenye faraja, na utaanza kutafuta ujumbe wa siri katika majina.

Hatua ya 2: Soma mara tatu kabla ya kushika kalamu

Omba kwanza. Maombi ya Zaburi 119:18 yanatosha: "Unifumbue macho yangu niyatazame maajabu yatokayo katika sheria yako."

Mara ya kwanza soma kimya, ufuate habari tu. Mara ya pili soma kwa sauti, hata kama uko peke yako. Katika Nehemia 8 watu wote walikusanyika, wakasomewa torati kwa sauti na kuelezwa maana yake mpaka wakafahamu. Na nyaraka za Paulo zilisomwa mbele ya kanisa. Sikio hukamata yale ambayo jicho limeyazoea: neno linalorudiwa, mtu anayenyamaza, swali lisilojibiwa. Mara ya tatu soma katika ile tafsiri nyingine.

Onyo: kifungu unachokijua tangu utotoni ndicho kigumu kuliko vyote, kwa kuwa utasoma kumbukumbu zako badala ya maandishi. Ukiona umemaliza Mwana Mpotevu kwa nusu dakika, hujasoma.

Hatua ya 3: Andika unachokiona, bado usiandike unachojifunza

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Unaandika yaliyomo tu. Nani yumo, yuko wapi, nini kimetokea kwanza, nini baadaye, nani amesema nini, nini kimekushangaza. Ukiona umeandika "tunajifunza kwamba", futa.

Tujaribu na Naamani. Mstari wa 1 peke yake una mambo ya kutosha. Ni jemadari wa Shamu, nchi inayopigana na Israeli. Anaheshimiwa. Ni mkoma. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulipita: BWANA ndiye aliyewapa Washami ushindi kwa mkono wake. Mungu wa Israeli amempa ushindi adui wa Israeli! Andika hilo na alama ya kushangaa pembeni.

Endelea. Msichana mdogo, mateka, hatajwi jina, ndiye anayejua pa kupata msaada. Mfalme wa Shamu anaandika barua, lakini anamwandikia mfalme mwenzake, wakati msichana alisema nabii. Mzigo wa zawadi: talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu, mavazi kumi. Mfalme wa Israeli anararua nguo, anadhani anatafutiwa ugomvi. Elisha, ndiye nabii mwenyewe, hatoki hata nje, anatuma mjumbe amwambie Naamani akaoge mara saba katika mto Yordani. Naamani anakasirika, na katika mstari wa 11 anasema wazi alivyokuwa amejipangia: nabii atatoka, atasimama, ataliitia jina la Mungu wake, atapitisha mkono mahali penye ugonjwa. Anaitaja mito ya kwao Dameski, Abana na Farpari, kwamba ni bora kuliko maji yote ya Israeli. Watumishi wake wanamsogelea, wanamwita baba, wanamuuliza kama angekataa endapo angeambiwa afanye jambo kubwa. Anashuka mtoni, anapona. Anarudi kushukuru, na Elisha anakataa zawadi hata baada ya kusihiwa. Naamani anaomba udongo wa mzigo wa nyumbu wawili, na anaomba asamehewe atakapolazimika kuinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa kwao, pamoja na mfalme wake. Anajibiwa aende kwa amani.

Usiishie hapo. Wahubiri wengi wanaishia pale Naamani anapopona, na sura inaendelea mpaka mstari wa 27. Gehazi, mtumishi wa Elisha, anamkimbilia, anatunga habari ya vijana wawili wageni, anaomba talanta moja, anapewa mbili na mavazi. Anarudi, anadanganya tena, na ukoma wa Naamani unamshika yeye.

Sasa tazama orodha yako utafute kinachojirudia. Kila mwenye neno la msaada katika habari hii ni mtu mdogo: msichana, mjumbe, watumishi. Wakubwa wanaandika barua, wanararua nguo, wanakasirika. Na kuna uzi mwingine, wa malipo: Naamani anakuja na mali nyingi, anaondoka hajalipa kitu, kisha Gehazi anairudisha bei. Nyuzi hizi mbili hutazipata kwa kusoma mstari wa 14 peke yake.

Hatua ya 4: Uliza nani anasema, anamwambia nani, na kuna nini

Maneno yote ya Biblia yamo katika Biblia, lakini si kila msemaji ndani yake anasema kweli. Nyoka anasema. Ibilisi mwenyewe ananukuu Zaburi 91 mbele ya Yesu katika Mathayo 4:6.

Mfano unaowashtua wengi ni Ayubu 8:7, ule wa mwanzo kuwa mdogo na mwisho kuongezeka sana. Unaandikwa ukutani, unatolewa kwenye harusi na kwenye uzinduzi wa biashara. Anayesema ni Bildadi, mmoja wa rafiki za Ayubu. Mistari mitatu nyuma, 8:4, Bildadi huyohuyo anamwambia baba aliyefiwa kwamba watoto wake walivuna dhambi zao. Na katika 42:7 Mungu anasema Bildadi na wenzake hawakunena yaliyo sawa kumhusu. Kweli, mwisho wa Ayubu uliongezeka, lakini mstari ule haukutolewa kama ahadi ya Mungu, ulitolewa kama sehemu ya hoja iliyokataliwa.

Mwingine ni Yeremia 29:11, mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho. Huu ni wa Mungu kweli, usiuache. Ila soma barua nzima. Wanaandikiwa watu waliohamishwa Babeli. Katika sura ya 28 Hanania, nabii wa uongo, ametabiri kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatarudi kama zamani. Yeremia anawaandikia kinyume chake: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, utakieni amani mji ule mliochukuliwa mateka, itakuwa miaka sabini. Wengi walioisikia barua hiyo ikisomwa walikuwa watakufa kabla ya kurudi. Kwa hiyo mstari ule unamfaa mtu anayesubiri kwa muda mrefu asioupenda. Kumtumia mtu aliye kwenye usaili wa kazi, kwamba Ijumaa atapata jibu zuri, ni kumrudishia Hanania kwa jina la Yeremia.

Na Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", soma 4:11 na 12 utaona ni mambo gani: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anayeandika, Paulo, yuko katika vifungo.

Njia rahisi ya kufanya hatua hii: soma kilicho kabla na kilicho baada ya kipande chako, angalau sura moja kila upande. Katika Luka 15, kwa mfano, mifano yote mitatu ni jibu kwa watu wa mstari wa 1 na 2 wanaonung'unika kwa sababu Yesu anakula na wenye dhambi. Ukishajua hilo, yule ndugu mkubwa wa Mwana Mpotevu, aliyebaki nje ya karamu, anaacha kuwa mtu wa pembeni.

Hatua ya 5: Andika sentensi moja ya wao

Sentensi moja tu, ikijibu: waliosikia habari hii kwanza walipaswa kuelewa nini kuhusu Mungu? Kuhusu Mungu, nimesema. Tukianza na "mimi nifanyeje", kila kifungu kinageuka orodha ya kazi.

Kwa Naamani ningeandika: Mungu wa Israeli anamponya hata adui, bure, kwa neno lake, wala hapangiwi namna.

Hapa ndipo rejea zinapofaa. Karibu na 2 Wafalme 5:14 utaelekezwa Luka 4:27, ambako Yesu yuko Nazareti anawakumbusha watu wa kwao kwamba wakati wa Elisha walikuwamo wakoma wengi katika Israeli, na hakutakaswa yeyote ila Naamani, Mshami. Waliomsikia walijaa ghadhabu, wakamtoa nje ya mji wamtupe chini kutoka ukingo wa kilima. Basi neno "adui" katika sentensi yetu si pambo. Waliliona vizuri sana, na liliwaudhi. Kama Biblia yako haina rejea, tafuta itifaki ya Biblia, ule mkusanyo wa maneno unaoonyesha kila jina limetajwa wapi.

Hatua ya 6: Vuka kwa uangalifu

Sasa ndipo unapotoka kwao kuja kwako. Kabla ya kuvuka, jiulize kifungu ni cha aina gani.

Ni habari ya tukio? Habari inaeleza kilichotokea, haikuagizi ukirudie. Gideoni aliweka ngozi ya kondoo nje usiku apate ishara (Waamuzi 6:36-40), lakini alishaambiwa na Mungu afanye nini, na yeye mwenyewe anakiri hivyo katika mstari wa 36. Ile ngozi ni ya mtu anayesitasita. Kuigeuza kuwa mbinu ya kuchagua mchumba ni shida kubwa. Vivyo hivyo Naamani kuzama mara saba. Aliambiwa mtu mmoja, siku moja, mto mmoja. Anayekuuzia maji ya kujimwagia mara saba amesoma sura hii akiwa upande wa Gehazi.

Ni mithali? Mithali ni hekima ya jumla inayohitaji akili ya kujua wakati wake. Mithali 26:4 inakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na 26:5 inasema umjibu. Zimewekwa pamoja makusudi, uchague kulingana na mtu aliye mbele yako.

Ni zaburi au maombi? Hapo ni mwanadamu anasema na Mungu. Unaweza kuomba pamoja naye.

Ni amri kwa kanisa, au ahadi? Angalia imetolewa kwa nani na kwa sharti gani. Nyingine zinakugusa moja kwa moja, kama Yakobo 1:22: "Lakini iweni watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, hali mkijidanganya nafsi zenu." Hapo hakuna mto mpana wa kuvuka.

Onyo ambalo sitaki ulipite: usitumie mstari uliookotwa kuacha dawa, kumrudisha mtu kwa anayempiga, au kuuza ulichonacho. Katika 2 Wafalme 20:7 Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu la mfalme Hezekia, na katika 1 Timotheo 5:23 Paulo anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Imani yao haikuona haya kutumia tiba. Ukihisi kifungu kinakuagiza jambo zito la namna hiyo, usilifanye leo. Nenda kwa watu wawili au watatu waliokomaa, na kwa daktari kama ni la daktari.

Hatua ya 7: Andika somo, kisha lijaribu

Sentensi moja tena, safari hii yenye "mimi" ndani yake. Kwa Naamani: Msaada wa Mungu unaweza kunifikia kupitia mtu ninayemwona mdogo kwangu, na sina cha kuulipia.

Lijaribu kwa maswali haya. Naweza kuweka kidole kwenye mistari inayolibeba, zaidi ya mmoja? (Ndiyo: wa 3, wa 10, wa 13, wa 16.) Je, Naamani na Elisha wangelitambua, au wangeshangaa? Je, linapatana na yale Biblia inayosema kwingine? Na la mwisho, ambalo wengi hawalipendi: je, somo hili linanigusa mimi, au limempata jirani yangu?

Lingine la kuangalia ni kusema zaidi ya kifungu. Yule msichana mateka anahubiriwa sana kama mfano wa kusamehe. Huenda alisamehe. Maandiko hayasemi, wala hayasemi kama alirudishwa kwao. Yanasema alimtakia bwana wake kupona, na akajua pa kumwelekeza. Hilo peke yake ni zito, halihitaji kuongezewa. Na ukiliongezea mbele ya mtu aliyetendewa ukatili, unaweza kumuumiza kwa maneno ambayo Biblia haikuyasema.

Hatua ya 8: Lishushe mpaka liwe tendo

"Niwe mnyenyekevu" si tendo. Hutajua lini umelifanya. Tendo lina mtu, mahali na wakati, na ni dogo kiasi cha kutia aibu kidogo ukilisema kwa sauti.

Kutoka somo letu: Kesho, yule mdogo wangu kazini akinirekebisha, nitanyamaza mpaka amalize, ndipo nijibu. Au: Leo jioni nitamuuliza mwanangu ananionaje ninapokasirika, nisijitetee. Au, kwa aliyeguswa na uzi wa malipo: Jumapili nitatoa sadaka yangu bila kumwekea Mungu sharti juu yake.

Chagua moja. Ukiandika matatu hutafanya hata moja, hilo nakuhakikishia. Kisha liombee hilohilo, kwa maneno yako, kwa ufupi.

Hatua ya 9: Rudi baada ya juma

Fungua ukurasa ule, andika chini yake: nimefanya, sijafanya, au nimejaribu ikawa hivi. Msimulie yule mtu wako. Kama hukufanya, usianze kifungu kipya kwa ajili ya kutafuta somo jepesi zaidi. Kaa na lilelile juma jingine.

Ukikwama

*Kila kifungu napata somo lilelile: niombe zaidi, niwe na imani zaidi.* Umeruka hatua ya 3. Rudi uandike mambo kumi unayoyaona katika kifungu, hata madogo, kama nani amekaa na nani amesimama. Somo la jumla hutoka kwenye usomaji wa jumla.

*Kila somo linamfaa mume wangu.* Au mke, au mchungaji. Basi funga jina lake nje ya daftari kwa mwezi mmoja. Katika kila habari jiulize ni mhusika gani usiyependa kufanana naye, uanzie kwa huyo.

*Nimefika kwenye orodha ya majina.* Ipite kwa haraka, lakini usiiruke kabisa. Ukoo wa Mathayo 1 unataja baba hadi mwana, baba hadi mwana, kisha wanaingia wanawake: Tamari, Rahabu, Ruthu na yule aliyekuwa mke wa Uria. Simama kwenye jina linalovunja mpangilio, usome habari yake. Kwa sura tisa za kwanza za 1 Nyakati, sitakulaumu ukitembea kwa hatua ndefu.

*Kifungu kinanitisha au kinanikera.* Zaburi 137 inaishia mahali pabaya sana, na binti wa Yeftha katika Waamuzi 11 habari yake haina faraja. Usilazimishe somo tamu. Andika "hapa sielewi" na tarehe, umwulize mtu anayefundisha maandiko. Towashi wa Kushi katika Matendo 8, alipoulizwa kama anaelewa anachosoma, alijibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" akampandisha Filipo garini. Alikuwa mtu mkubwa, wala hakuona haya.

*Nasoma lakini moyo ni mkavu.* Punguza kipimo, usiache. Soma zaburi moja fupi kwa sauti, ufunge. Kama uko gizani kweli, soma Zaburi 88, inayoanza kwa kilio na kumalizika gizani bila kugeuka. Imo ndani ya Biblia kama maombi, na unaweza kuyaomba bila kuyaongezea mwisho mzuri. Hali hiyo ikikaa muda mrefu, ukikosa usingizi au hamu ya kula, mwambie mtu na umwone daktari.

*Mwenzangu amesoma kifungu hichohicho akapata somo tofauti.* Inawezekana kabisa, habari ya Naamani ina nyuzi zaidi ya mbili. Kinachotakiwa kufanana ni sentensi ya hatua ya 5. Mkipishana hapo, mmoja wenu ameacha mistari nje. Kaeni na maandishi mtafute ni ipi.

*Somo langu linapingana na mafundisho ya kanisa langu.* Usilipeleke jukwaani wala kwenye kundi la simu. Lipeleke kwa kiongozi wako ukiwa na mistari mkononi, uwe tayari kuonyeshwa ulichoacha. Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo 17:11 kwa kuchunguza maandiko kila siku kuona kama mambo ya Paulo ndivyo yalivyo, na wanasifiwa pia, katika mstari uleule, kwa kulipokea neno kwa moyo wa kupenda. Zote mbili.

*Natoa neno kesho na sijaandaa kitu.* Usitafute kifungu kipya usiku huu. Fungua daftari, chukua kile ulichokifanyia kazi majuma yaliyopita, ambacho tendo lake umeshalijaribu. Soma kifungu chote mbele ya watu, kwa sauti na bila kukimbia, maana wapo ambao hayo ndiyo Maandiko pekee watakayoyasikia juma zima. Kisha waeleze sentensi ya wao, somo, na ulichojaribu kufanya. Dakika kumi zinatosha, ukae.